Ratiba ya zamu na ampuli mbili za jentamaisini: kisa cha muuguzi mpya mwenye mtoto mchanga

Mhusika wa kisa hiki ni muuguzi mwenye stashahada ya uuguzi na ukunga, mke na mama wa watoto wawili. Wa kwanza yuko darasa la kwanza. Wa pili alikuwa na miezi mitano siku mama yake alipoanza kazi. Hospitali ni ya binafsi, ipo katikati ya jiji la Dar es Salaam. Nyumbani kwake ni Chanika, mwendo wa daladala mbili. Mume ni dereva wa lori la mizigo njia ya Tunduma, mpakani na Zambia, na akishaondoka hata yeye mwenyewe hajui foleni ya mpakani itamrudisha lini. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, naye ameridhia kisa kiandikwe. Niliingizwa katika suala hili kama muuguzi mlezi, baada ya tukio la dawa lililokaribia kumtoa kazini akiwa katika mwezi wa tatu wa matazamio, yaani kipindi cha majaribio kazini.

Walioanza kulishughulikia walisema tatizo ni umakini. Nilipolichimba nilifikia jibu jingine: tatizo lilikuwa ratiba ya zamu. Zamu ya usiku ni ngumu, lakini wauguzi wenye watoto wameifanya miaka na miaka. Kilichomwangusha huyu ni kwamba hakujua zamu zake mapema, na kila alichokipanga nyumbani kilikuwa kimening'inia kwenye karatasi ambayo ilikuwa haijabandikwa.

Alivyofika wodini

Alisoma miaka mitatu huku mtoto wa kwanza akilelewa na bibi. Ada ya mwaka wa mwisho aliikopa kwenye kikoba, na mwaka huohuo akabeba mimba ya pili. Alimaliza chuo, akafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, akapata leseni. Ndugu walimshauri asubiri mtoto akue kwanza. Ushauri huo ni mzuri kwa asiyedaiwa. Marejesho ya kikoba ni kila wiki, na wenzake kikobani hawahoji umri wa mtoto. Alishatuma maombi ya ajira za serikali, lakini tunajua sote jinsi wahitimu wanavyokaa miaka wakisubiri majina yatoke. Hospitali ya binafsi ilipomwita, alikwenda. Mkataba wa mwaka mmoja, matazamio miezi sita.

Alipangiwa wodi ya watoto, vitanda kumi na nane, usiku wauguzi wawili. Chuoni alikuwa anapewa mgonjwa mmoja wa kumchambua wiki nzima na kumwandikia mpango wa huduma, na mwalimu anasahihisha. Hapa alipokezwa wagonjwa tisa ndani ya dakika ishirini, mmoja ana degedege, mwingine kanyula, mrija wa dawa wa mshipani, imeziba, na mama wa tatu anauliza kwa nini mwanawe hajapewa dawa ya saa nne. Marlene Kramer, mwalimu wa uuguzi wa Marekani, aliueleza mshtuko huu mwaka 1974: mhitimu anafika na viwango alivyofundishwa, anakuta kazi inakwenda vingine, naye anaanza kujiona kuwa yeye ndiye mbovu. Nimewaona wengi wakipita hapo, wenye watoto na wasio na watoto. Kwa kawaida miezi sita ya mwanzo ndiyo mibaya, kisha mikono inazoea na kichwa kinapata nafasi ya kufikiri.

Tofauti ya huyu na wenzake ni kwamba hakuwa na pa kuuweka mshtuko huo. Mwenzake anayeishi peke yake alirudi chumbani, akalala, akaamka kesho yake. Yeye alirudi kwenye mtoto anayelia ziwa na mwingine mwenye kazi ya nyumbani ya shule.

Karatasi ya Jumapili

Hospitali hii ina zamu tatu. Asubuhi ni saa 1:30 hadi saa 8:30 mchana. Jioni ni saa 8:00 mchana hadi saa 2:30 usiku. Usiku ni saa 2:00 hadi saa 2:00 asubuhi. Ratiba ya wiki ilibandikwa ubaoni Jumapili alasiri na kuanza kutumika Jumatatu alfajiri. Baada ya hapo mabadiliko yalikuja kwenye kundi la WhatsApp la wodi: "Kesho uje usiku badala ya asubuhi, sista fulani anaumwa." Sista inchaji, yaani msimamizi wa wodi, hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na watumishi pungufu, naye aliurithi utaratibu huo kwa waliomtangulia.

Sasa tuutazame utaratibu huo kutoka Chanika. Mama huyu aliajiri dada wa kazi wiki moja kabla ya kuanza. Kila jioni dada alimuuliza, "Dada, kesho unaondoka saa ngapi, unarudi saa ngapi?" Mara nyingi jibu halikuwepo. Dada aliahidiwa Jumapili za kwenda kanisani, akazikosa mbili mfululizo, na wiki ya tatu akafunga mizigo. Simlaumu hata kidogo. Naye ni mfanyakazi, na yeye pia alikuwa ananyimwa ratiba.

Ndipo mama mkwe akahamia kutoka Kisarawe kuja kusaidia. Ni mama mwenye moyo, ila hakuwahi kuishi na mtu wa zamu. Mkamwana akirudi saa nne asubuhi kutoka kukesha na kujitupa kitandani, yeye alimwona mvivu. "Mwanangu, saa nne hii umelala, na mtoto analia?" Muuguzi aliamka, akamnyonyesha, akafua nepi, akapika. Alinieleza kwamba ilikuwa rahisi kuamka kuliko kueleza.

Wiki ya kwanza tu baada ya kuhamia, bibi huyo alianza kumpa mtoto uji mwepesi. Maziwa yaliyokamuliwa hayakutosha, na mama hakujua aache ya saa ngapi kwa sababu hakujua atarudi saa ngapi. Mwanamke huyuhuyu, kila asubuhi wodini, alikuwa anawasisitizia akina mama maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Aliponieleza hilo alilia, na mambo mengine yote aliyasimulia kwa macho makavu.

Tukio

Lilitokea mwisho wa usiku wa pili mfululizo, dozi za saa 12 asubuhi zikiandaliwa. Mtoto wa kilo nne alikuwa anatibiwa nimonia kali kwa ampisilini na jentamaisini, dawa mbili za kuua bakteria. Jentamaisini aliandikiwa miligramu 7.5 kwa kila kilo, yaani miligramu 30 mara moja kwa siku.

Dawa hii huja kwa ampuli, yaani vichupa vya dawa ya sindano, za mililita mbili, lakini za nguvu mbili tofauti. Ipo yenye miligramu 20 ndani ya mililita mbili, na ipo yenye miligramu 80 ndani ya mililita hizohizo mbili. Wodi ilizoea ile ya 20. Kwa hiyo miligramu 30 ni mililita tatu, ampuli moja na nusu, na mikono ya kila mtu wodini ilishazoea kuvunja ampuli mbili. Jana yake mchana za 20 zilikwisha stoo, famasi ikaleta za 80. Aliyezipokea hakuandika popote, na taarifa hiyo haikutajwa kwenye makabidhiano.

Muuguzi alivunja ampuli ya kwanza, akavuta yote. Akavunja ya pili, akavuta nusu. Mililita tatu kamili, kama kawaida. Ndani ya bomba la sindano kulikuwa na miligramu 120, mara nne ya dozi, za dawa inayoharibu figo na masikio. Mwenzake wa zamu, aliyekuwa anabandika plasta kwenye kanyula ya kitanda cha jirani, aliona ampuli ya pili ikivunjwa. Yeye ndiye aliyekwenda famasi jana, na alikumbuka boksi. "Sista, hizo ni themanini. Kwa nini mbili?" Bomba likawekwa chini, hesabu ikarudiwa, na mtoto akapewa mililita 0.75.

Hakuna aliyeumia. Muuguzi mwenyewe aliliandika tukio kwenye kitabu cha ripoti, jambo ambalo wengi wangelimeza kimya. Namheshimu kwa hilo.

Barua ya kujieleza

Saa 5 asubuhi, akiwa ameshafika Chanika, alipigiwa simu arudi kuandika barua ya kujieleza. Swali lilikuwa moja: kwa nini hukuwa makini? Alijibu kwa sentensi tatu, akiomba radhi na kuahidi kuongeza umakini. Hakutaja usingizi, mtoto, wala nguvu ya ampuli. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alinyamaza, alisema: "Dada, niko kwenye matazamio." Alikuwa na sababu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimkingi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake. Na mama akitaja mtoto mbele ya afisa utumishi, anaogopa kuandikwa kuwa ndiye aliyeleta tatizo kazini.

Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, aliponiita nimfuatilie, nilimwomba muuguzi tujaze karatasi ya siku kumi na nne zilizotangulia tukio. Safu tatu tu: zamu gani, umelala saa ngapi hadi saa ngapi, mtoto alikuwa na nani. Nawashauri walezi wote wa wauguzi wapya waifanye kazi hii kabla ya kumhukumu mtu, kwa sababu karatasi ile ilitueleza mambo ambayo barua ya kujieleza isingetueleza hata ingeandikwa kurasa kumi.

Katika siku mbili kamili kabla ya kuvunja ampuli ile, alikuwa amelala kwa muda wa saa mbili tu. Asubuhi aliyoamka saa 12 hakujua kama usiku ule atakesha. Ratiba ilisema jioni, ujumbe wa WhatsApp ukaibadilisha mchana, naye akaenda bila kujilaza. Alirudi saa nne na kitu asubuhi, akalala kuanzia saa sita hadi saa nane mtoto aliposinzia, na saa kumi na moja jioni akawa njiani tena. Watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Sisi tulimkabidhi troli ya dawa za watoto.

Jambo la pili lilikuwa kwenye mgeuko wa jioni kwenda asubuhi. Ulitokea mara tatu ndani ya siku hizo. Anamaliza saa 2:30 usiku, anatakiwa saa 1:30 asubuhi. Hizo ni saa 11, na sheria hiyohiyo inataka mapumziko yasiyopungua saa 12 kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Toa mwendo wa daladala kwenda na kurudi, toa kuoga na kula, toa kunyonyesha usiku mara mbili. Hakubaki na usingizi wa kuitwa usingizi. Matroni alinyamaza alipoona hesabu ile. Ratiba aliipitisha kwa sahihi yake kila wiki na hakuwahi kuihesabu hivyo, na nina hakika wodi nyingi hazijawahi.

Jambo la tatu ni kunyonyesha. Sheria inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Hakuna aliyemwambia, naye hakuomba. Na kwa mtu wa Chanika anayefanya kazi mjini, saa mbili hizo zinaishia barabarani kabla hajamfikia mtoto. Haki ipo, ila inahitaji kupangwa ili itumike.

Tuliyoyafanya

Tulikaa wanne: matroni, sista inchaji, muuguzi mwenyewe na mimi. Nilisisitiza awepo. Mambo ya mtu hayapangwi akiwa nje ya mlango.

Ratiba ya wodi ya watoto ikawa ya wiki nne, inabandikwa siku kumi kabla ya kuanza. Anayetaka kumbadilishia mtu zamu ampigie simu na kupata jibu. Ujumbe wa kundini hauhesabiki. Jioni haifuatwi na asubuhi. Usiku zinakwenda tatu mfululizo kisha mapumziko siku mbili, kwa sababu usiku mmojammoja uliotawanyika unavuruga mwili na nyumba kwa pamoja. Sista inchaji alikuwa na hofu kwamba akiumwa mtu ratiba ndefu itamfunga. Tuliongeza jina la mtu wa akiba kwa kila siku, anayejua tangu mwanzo kwamba anaweza kuitwa. Ni kazi ya ziada ya kupanga, lakini sista alikiri mwezi wa pili kwamba Jumapili zake zimepata nafasi.

Zile saa mbili za kunyonyesha zilitugawa. Matroni alipendekeza aje saa mbili baadaye kwenye zamu za asubuhi. Nilikataa, maana kwa muuguzi mpya makabidhiano ndiyo darasa: pale ndipo anaposikia sista mzoefu akitaja mtoto mmoja kwa mkazo kuliko wengine, na anajifunza kwa nini. Tukakubaliana achukue nusu saa saa nne asubuhi kukamua maziwa, na aondoke saa 7:00 mchana badala ya 8:30. Hazizidi saa mbili, na makabidhiano ya asubuhi hayakosi.

Mahali pa kukamulia palikuwa stoo ya mashuka. Ina mlango wenye kitasa, kiti kimoja, na sinki lipo jirani. Maziwa yanakaa kwenye friji la chumba cha chai, kwenye chombo chenye kifuniko, kimebandikwa plasta yenye saa na tarehe. Msichana mmoja wa zamu alitaka kuyaweka kwenye friji la chanjo kwa nia njema. Friji hilo ni la chanjo tu, kila linapofunguliwa bila sababu joto lake linayumba. Njiani yanasafiri kwenye kiboksi chenye barafu. Yakiwa kwenye friji yanadumu hadi siku nne, lakini nje ni saa nne tu kama joto halizidi nyuzi 25, na mchana wa Dar es Salaam ni mara chache uwe na baridi hiyo. Bibi anamnywesha mtoto kwa kikombe. Miezi sita ya maziwa pekee ilikuwa imeshapita wakati tunapanga haya, na hilo haliwezi kurudishwa. Maziwa ya kuendelea hadi miaka miwili yalibaki kuokolewa.

Kuhusu dawa, famasi ilikubali kuandika nguvu ya ampuli kwa wino mwekundu kwenye ubao wa wodi kila inapobadilika, na kwa miezi sita ya mwanzo muuguzi mpya haandai dawa ya sindano ya mtoto bila mwenzake kusoma ampuli kwa sauti. Kwa maoni yangu mwenzake angepaswa kusoma hata kama muuguzi ana miaka ishirini kazini.

Nyumbani

Upande huu mlezi wa kazini hana mamlaka, na asijifanye anayo. Nilimwuliza tu nani anapaswa kuzungumza na mama mkwe, naye akasema mume. Mume aliporudi kutoka Tunduma alikaa na mama yake. Maneno aliyomwambia, kwa jinsi mkewe alivyonisimulia, yalikuwa mafupi: "Mama, huyu hakulala jana. Alikuwa anakesha na watoto wa watu. Naomba hadi saa nane mchana mlango wake usigongwe, isipokuwa mtoto akiwa na homa." Angesema mke, yangesikika kama majibu ya mkamwana. Aliposema mwana, ikawa sheria ya nyumba.

Nakala ya ratiba ya wiki nne ilibandikwa ukutani jikoni. Bibi hasomi maandishi madogo, lakini mjukuu wa darasa la kwanza anazijua herufi: A, J, U, na P ya mapumziko. Kila jioni humsomea: "Bibi, kesho mama U." Bibi naye anajua achemshe vikombe, amlaze mtoto mapema, na asipange safari ya Kisarawe siku hiyo. Kwa siku za P bibi anakwenda kwake, anaangalia shamba, anapumzika. Alikuwa amechoka kuliko alivyosema.

Yaliyobaki

Alithibitishwa kazini baada ya miezi sita. Usingizi wake, kwa karatasi tuliyojaza tena, uliongezeka hadi kufikia saa tano au sita baada ya kukesha. Hajatosheka nao, ila anafikiri sawasawa. Marejesho ya kikoba bado yanambana, na mshahara ukichelewa kwa wiki moja nyumba nzima inatikisika. Hapo ratiba haisaidii kitu.

Kuna mawili ninayoendelea kuyadai. Matroni alitaka ratiba ya wiki nne iwe upendeleo kwa wauguzi wenye watoto wachanga. Sikubaliani. Ukiufanya upendeleo, wenzao watawachukia, nao wataogopa kuutumia. Wodini humohumo yupo kijana anayemwuguza baba yake aliyepooza, na binti anayejilipia masomo ya jioni. Wote wanahitaji kujua kesho yao. Hadi naandika haya, wodi ya watoto ndiyo pekee iliyobadilika. Nyingine bado zinasubiri karatasi ya Jumapili.

La pili ni barua ya kujieleza. Bado imo kwenye faili lake, sentensi tatu za kujilaumu kwa jambo ambalo ratiba, stoo na makabidhiano vilishiriki kulitengeneza. Nimeomba kwa maandishi karatasi ya siku kumi na nne iwekwe nyuma ya barua hiyo, ili atakayefungua faili miaka ijayo, labda akimfikiria kwa nafasi ya inchaji, asome vyote viwili. Afisa utumishi amesema atalipeleka kwa uongozi. Nitamfuata tena mwisho wa mwezi.